Yosefu wa Mtumbwi

Salvatory alikuwa fundi wa kuchonga aliyejulikana kijiji kizima cha Maguu, na hakuna aliyeitangaza sifa hiyo kuliko yeye mwenyewe. Kigango, kanisa dogo la hapo, kilipomwagiza sanamu ya Mtakatifu Yosefu, alijigamba kwamba ataichonga kwa mninga aliouanika darini kwake. Uongo mtupu. Darini kulikuwa na panya tu, na gogo bichi lingepasuka kabla ya sikukuu. Basi akateremka Ziwa Nyasa, akachukua kipande cha mtumbwi mkuukuu uliotupwa ufukoni, mti mkavu wa kutosha, akashika tezo na patasi.

Sanamu ilitoka nzuri, tuseme ukweli. Lakini Jumapili ya kwanza, mishumaa ilipompasha moto Yosefu, kanisa zima likanuka usipa, wale dagaa wa ziwani. Mti ule ulikuwa umebeba samaki miaka na miaka.

Watu wakamgeukia Notburga, mjane anayeuza usipa sokoni, aliyekuwa ameketi benchi la mbele karibu na sanamu. Wakamhama mmoja mmoja, akabaki peke yake. Jumapili iliyofuata alikuja na kitenge kipya, ananukia sabuni, na bado wakamhama. Ya tatu alisalia nje, kwenye ngazi.

Siku hiyo Salvatory aliona aibu hata kuitazama mikono yake. Akisema, ataitwa tapeli na jina litakwisha. Asiposema, mwenzake ndiye anayenuka.

Jioni akamfuata Notburga jikoni kwake, akamweleza yote huku akitazama majivu.

"Nilijua tangu siku ya kwanza," Notburga akasema. "Harufu ya usipa nisiijue mimi?"

"Nisamehe, dada."

"Nimekusamehe. Ila hapa jikoni hakuna aliyenihama, fundi."

Jumapili, baada ya matangazo, katekista aliuliza kama kuna mwenye neno. Salvatory akasimama, akasema yote: mninga wa uongo, mtumbwi, usipa. Wengine walicheka, wengine wakaguna, naye akatamani ardhi immeze. Alipomaliza akaenda kuketi benchi la mbele, ambalo lilikuwa tupu.

Notburga, aliyesikia yote kutoka kwenye ngazi, akaingia taratibu, akaketi kando yake.

"Sogea kidogo, fundi," akamnong'oneza. "Unanuka."