Picha Niliyopigwa Kwenye Sofa la Wageni

Mdogo wangu alinipigia simu Ijumaa moja, nimetoka kanisani Mesaimeer, hapa Doha ambako ibada yetu ni Ijumaa, nasukumana na wenzangu tupate kivuli cha ukuta huku tukingoja basi la kampuni. Alikuwa analia. Wafadhili waliokuwa wakimlipia chuo cha uuguzi wamemtoa. Tena karo ya mwaka mzima, ambayo sote tulidhani imeshalipwa, haikulipwa hata shilingi, na chuo kimemwambia bila kumaliza deni hafanyi mtihani. Zimebaki wiki tatu.

Mimi nilifurahi. Naandika hivyo hivyo, sitaki kujitakasa. Mdomo ulisema, "Woi, pole mama," lakini moyoni kitu kilicheka.

Hasidi hana sababu, wanasema. Mimi nilikuwa nazo. Nilimaliza kidato cha nne na alama zinazozishinda zake, nikaitwa chuo hicho hicho, baba akaniambia nisubiri kidogo pesa zipatikane. Nilisubiri hadi watu wakachoka kuniuliza. Kisha yeye akamaliza, wafadhili wakatokea huko walikotokea, wakamchukua kama mtoto wa familia isiyojiweza. Na familia ni ile ile! Mimi nikaja Doha kusimama langoni mwa hoteli saa kumi na mbili kwa siku, nikipekua mikoba ya wanawake. Nyumbani nilisema niko mapokezi. Yeye kila wiki picha: koti jeupe, kalamu mfukoni, jina kifuani. "Dada, leo nimezalisha kwa mara ya kwanza!" Nilikuwa nalitazama lile koti mpaka chakula kinanishinda. Lilikuwa langu, na nilikuwa naweka akiba kidogo kidogo nirudi kulichukua.

Siku moja nikasema hapana, na mimi nitatuma yangu. Mganda mmoja ninayelala naye chumba kimoja akanipa gauni lake. Tukaingia ukumbini kabla ya zamu, nikaketi kwenye sofa ambalo sisi walinzi haturuhusiwi hata kuliegemea, nikakunja nne, mkononi kikombe cha kahawa ambacho mgeni alikiacha nusu. Miguuni nilibaki na viatu vya kazi, vyeusi, vya kamba. Nani huangalia miguu? Nikamtumia mdogo wangu na maneno: "Maisha ndiyo haya." Nilitaka imuume. Akajibu, "Wueh! Dada, umeomoka, umetajirika!" Siku hiyo nililala usingizi mtamu.

Sasa pale ukutani nikamuuliza wamemtoa kwa nini. Akarudia habari za mtihani. Nikamkazania. Ndipo akaniambia kwamba alimwonyesha mama ile picha, mama akaisambaza kwa kila mwenye simu, ikafika hadi kwa wafadhili. Siku ya mahojiano ya kila mwaka, yeye na mama wameketi, mzee mmoja wa kamati akatoa simu na kuuliza, "Huyu ni nani wenu?" Mama akajibu kwa madaha kwamba ni kifungua mimba wake, mkubwa wa mapokezi huko Qatar. "Hongereni sana," mzee akasema, akafunga faili. Mama alidhani ni pongezi. Mdogo wangu alianza kuogopa siku hiyo, na barua ikaja baadaye sana.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Nilitafuta wa kumlaumu, nikamkosa, nikamgeukia yeye.

"Na wewe mdomo wako ulikuwa wapi? Si ungewaambia mimi si mkubwa wa chochote!"

"Ningesemaje, dada, na mama ameketi pale?"

"Kwani ulijua?"

"Niliona viatu. Ni vya soja, vya mlinzi wa lango. Nilijua tangu siku uliyonitumia."

Basi lilikuja nikapanda. Sikumbuki niliketi na nani.

Kesho yake nikamwomba yule Mganda anipige picha nyingine: langoni, na sare, na kofia, na viatu vyangu. Nikamtumia mama kwanza, halafu wafadhili, pamoja na barua. Mama aliuliza tu kama hivyo viatu haviniumizi. Wafadhili walisema watamfikiria mwaka ujao, lakini deni la mwaka huu ni letu. Basi nikatoa akiba yangu yote, ile ya koti, nikaituma chuoni.

Alifanya mtihani, akapita, akanitumia picha. Koti lile lile. Nilidhani nikishalilipia kwa pesa zangu wivu utaisha. Wapi! Ila siku hizi siangalii koti sana. Namwangalia yeye, aliyeikalia siri yangu mwaka mzima huku masomo yake yakimponyoka, ili mimi nisiaibike mbele ya mama. Mimi ya kwake nisingeikalia hata siku moja. Hata hapo amenishinda, na hapo ndipo ninapomwonea wivu zaidi.