Namba Zenye Vigawo Vitatu

Kila nikipita kwetu Amukura wakati wa kiangazi, harufu chachu ya mihogo iliyoanikwa kando ya barabara ikinipata, namkumbuka Nekesa na uso unanichoma kidogo. Acha niwaambie kwa nini.

Nekesa alikuwa binti ya shangazi yangu aliyeolewa Sigalame. Shangazi alipofiwa na mumewe, alivuka mpaka kwenda kutafuta kazi Kampala, akamwacha mtoto kwetu. Tulikuwa wa umri mmoja, tukawekwa darasa moja, la sita. Kabla hajaja, hesabu ilikuwa yangu. Baba alikuwa fundi wa baiskeli, na aliwasomea wateja ripoti yangu ya shule hata kama wamekuja kuziba pancha tu. Muhula ule ripoti iliyosomwa ilikuwa ya Nekesa. Nilisimama nyuma ya mlango nikamsikia baba akisema huyu mtoto ana kichwa, nikatamani shangazi arudi kesho yake amchukue.

Tangu hapo kila alichofanya kiliniudhi: alivyokula polepole, alivyomwita mama yangu mama, hata alivyokunja blanketi lake vizuri asubuhi.

Ijumaa moja Mwalimu Ekisa alitupa swali la kwenda nalo nyumbani. Chini ya mia moja, ni namba zipi zenye vigawo vitatu tu, yaani zinazogawanyika bila baki kwa namba tatu pekee? Na kwa nini? Atakayejibu angeenda Busia kushindana kwa niaba ya shule. Nilijaza kurasa nne nikigawanya namba moja moja, nikachoka. Nekesa alikaa jikoni na maharagwe ya mama, akayapanga sakafuni kwa mistari, akayavuruga, akayapanga tena. Jumapili mchana aliandika kitu kifupi kwenye daftari lake, akalifunga.

Jumatatu asubuhi, alipoenda kisimani, niliuchana ukurasa ule.

Darasani nilikuwa wa kwanza kuinua mkono. Niliandika ubaoni 4, 9, 25 na 49, nikasema kwamba hizo ni skwea, kila moja ni namba iliyozidishwa kwa namba hiyo hiyo. Mwalimu alitabasamu.

"Na thelathini na sita je? Si ni sita mara sita?"

Nilikuwa nimekariri namba, maelezo yake sikuyaelewa. Nilizirudia zile zile nne kwa sauti ya chini. Ndipo Nekesa akainua mkono, nikajua nimekwisha.

"Mwalimu, Amoit alinieleza nyumbani," akasema. "Nadhani ameogopa ubao. Naweza kumalizia?"

Alieleza bila haraka. Vigawo huja viwili viwili: kwa thelathini na sita, moja huenda na thelathini na sita yenyewe, mbili na kumi na nane, tatu na kumi na mbili, nne na tisa. Sita peke yake hubaki bila mwenzake. Jumla tisa. Ili vigawo viwe vitatu tu, lazima uzidishe namba tasa kwa yenyewe, kama tano au saba, ambayo haigawanyiki ila kwa moja na kwa namba hiyo. Wakati huo ndipo na mimi nilipoelewa.

Mwalimu alinichagua mimi. Nekesa alinifulia sare ya safari. Nilirudi kutoka Busia bila zawadi yoyote, na bado nilimwonea wivu, safari hii kwa wema wake.

Miaka mingi baadaye nilimtembelea Malaba, anakofanya kazi ya kushughulikia karatasi za malori yanayovuka mpaka. Nilimwomba msamaha nikidhani tutacheka. Hakucheka. Aliendelea kumimina chai.

"Watu husema nilikuwa mpole," akasema. "Niliogopa tu, Amoit. Ningesema ni wewe uliyechana, jioni ile ningelala wapi?"

Sikuwahi kuliwaza hilo. Mimi niliona kichwa chake na sifa za baba, nikavitaka vyote. Yeye kila asubuhi alikunja blanketi lile vizuri ili asije akaambiwa arudi Sigalame, kwenye nyumba ambayo tayari ilikuwa imefungwa.