Kitenge Kati ya Mama na Mkwewe

Mama muuza sabuni wa mtaa wa Naviundu amefariki. Habari ilinifikia asubuhi, umeme umekatika, chai haijachemka, na nilichojibu kwenye simu ni "Aa, tena?" Mnisamehe, wasomaji wangu. Umri huu mtu anachoka na vilio vya misiba: kiti kile kile cha plastiki, nyimbo zile zile, unarudi nyumbani na vumbi lile lile kwenye viatu. Lakini huyu ameniuma. Miaka mingi nimeogea sabuni yake, na siku moja, akinikatia kipande, alinisimulia jambo ambalo halijanitoka kichwani.

Biashara yao ilianza mkwewe alipoachishwa kazi ya reli, kazi ya baba yake na babu yake. Mama huyo, mjane aliyeishi kwa binti yake, alijua kupika sabuni ya mawese tangu kwao kaskazini mwa Katanga. Basi wakajipanga: mama ana ujuzi, mkwe ana mikono, binti ana mdomo wa kuuza. Nyumba nzima ikawa inategemea sufuria moja. Tatizo ni kwamba kwao mama na mume wa binti yake hawatazamani usoni wala hawasemeshani. Vijana wa leo wanakula meza moja na wakwe zao, hakuna anayeshtuka. Yeye alikuwa wa kale. Wakatundika kitenge kwenye kamba ya nguo, katikati ya lupango lao, yaani ua wa nyumba. Huku mama anapima, kule mkwe anakoroga, na binti anapeleka maneno. "Umwambie bwana yako apunguze mukono." "Mama anasema upunguze mukono." "Umwambie mama nimesikia." Angeacha vipi kusikia, naye yuko palepale! Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu, lakini sabuni ilitoka nzuri, na wanafunzi wa chuo kikuu kule Kasapa waliifuata.

Siku moja binti alikwenda sokoni. Wangeweza kumngoja, ila mafuta yalikuwa yamekwisha kupata moto. Mama akafanya kama wafanyavyo wenye adabu wakikosa mjumbe: akazungumza na ndoo. "Weye ndoo, mafuta iko tayari." Mkwe naye akaijibu ndoo: "Ndoo, nimesikia." Kazi ikaenda. Halafu, chini ya pindo la kitenge, mama akaona mkono wa mkwe unashusha jagi la maji juu ya beseni la soda, ile soda kali inayokula ngozi. Kuyeyusha soda ilikuwa kazi ya mama. Siku hiyo mkwe alitaka kumpunguzia. Hakujua kwamba soda ndiyo hutiwa ndani ya maji, polepole, na kwamba ukimwaga maji juu yake inaruka.

"Nikasema, 'Weye ndoo, angalia, ile maji…'" aliniambia, kisu kimesimama juu ya mche wa sabuni. "Muntu anaenda kuungua, Baba, na miye naongea na ndoo!" Soda ilimrukia mkwe jichoni. Hapo ndipo mama alipokiangusha kitenge, akamshika kichwa, akammwagia maji mpaka pipa likakauka, huku akimwita kwa jina ambalo hakuwahi kulitamka. Jicho halikupona. Wazee wa ukoo walipokuja, hawakuuliza habari za jicho, waliuliza habari za kitenge. Walimtoza kuku kwa kumgusa mkwe, naye akatoa kuku, ila akakataa kitenge kurudishwa. "Heshima nitamupa," aliwaambia, "lakini nitamupa nikiwa namuona." Wakaendelea kupika sabuni uso kwa uso. Nilimuuliza kama mkwe alikuwa na kinyongo. Akatazama pembeni. "Sijui, Baba. Sijamuuliza. Naogopa."

Nimelifikiria sana neno hilo, nami nachoka zaidi. Mji huu ulitulea katika kazi za kutumiana maneno: mfanyakazi anamwambia karani, karani anamwambia mkubwa, na mkubwa hayupo. Kazi zile zilipokufa, tukajikuta kila mtu kwenye lupango lake, na ndugu na wakwe zake, anapika sabuni, anachoma mikate, anakamua maji ya matunda. Sabuni mtu anajifunza haraka. Kusemeshana ndiko kunakotushinda. Nimeona biashara ngapi za familia zikifa hivihivi, bila ugomvi, bila wizi, kwa sababu watu walistahiana mpaka mwisho!

Kwenye kilio cha mama huyo, nami nikiwepo, wazee walimwambia mkwe akae mbali na maneno yake yapelekwe na mkewe. Alikataa. Akaenda mpaka kwenye jeneza, mtu mzima mwenye jicho moja, akashika ubao kwa mikono miwili.

"Mama, miye mwenyewe ndiye nasema. Ile jicho haukuiharibu weye. Hata siku moja sikuwaza vile. Nilingoja uniulize, haukuuliza, na miye nilikuwa na haya."

Binti alilia kwa sauti. Wazee walitazama chini. Mimi, niliyeusikia woga wa mama yule kwa masikio yangu, niliona uchungu mpaka nikatoka nje. Wamefanya kazi pamoja miaka yote ile, kila siku, na neno lenyewe halikuchukua hata muda wa kukata kipande kimoja. Basi, wasomaji wangu, mwenye kumsamehe mtu amwambie wakati mtu huyo angali anasikia.