Nywele zilininyonyoka chini ya hijabu, nikaficha hadi pakabaki makovu

Asalaam aleikum wakuu. Kwa kawaida mimi husoma tu humu na kupita, lakini hili limenipata mwenyewe na sitalitia chumvi.

Mimi ni mwalimu wa primary hapa Garissa, mke wa mtu, nina watoto. Kwetu Bura.

Ilianza na kiduara kidogo utosini. Kinawasha, na jua likiwa kali kinachoma. Kisha nywele za hapo zikanyonyoka. Kikaja kingine.

Uzuri wa hijabu ni kwamba hakuna anayeona. Ubaya wake katika jambo hili ni huo huo.

Nikaanza kulala na kitambaa kichwani. Mume wangu, Abdi, aliuliza mara moja, nikamwambia kichwa kinauma. Hakuuliza tena. Polepole akahamia kulala sebuleni.

Nilimwambia mama mkwe pekee, akanipaka samli. Viduara vikaongezeka.

Nikaenda hospitali. Daktari mwanamume, mlango wazi, foleni imejaa hadi mlangoni. Nikashindwa kuvua. Nikasema tu nywele zinanyonyoka.

"Mama, hizo ni nywele tu. Punguza mawazo."

Akaita mwingine. (Simlaumu sana, nyuma yangu kulikuwa na watoto wenye homa kali.) Nikarudi nyumbani, nikakaa miezi.

Aliyenitoa hapo ni nesi mmoja, Sahra, nilipopeleka mtoto chanjo. Aliniona najikuna juu ya hijabu.

"Abaayo, dada, kuna nini humo?"

Akafunga mlango, akavuta pazia. Nikavua. Akagusagusa.

"Dada yangu, hapa ngozi imeshakuwa kovu. Hili si jambo la mafuta. Kuna daktari wa ngozi huja kutoka Nairobi. Nitaingia na wewe."

Aliingia kweli. Daktari akakata kipande kidogo cha ngozi kikapimwe, akachukua na damu pia. Jibu: lupus ya ngozi. Kinga ya mwili inaishambulia ngozi yenyewe. Figo zikaangaliwa, maana ugonjwa huu huweza kuzifikia, alhamdulillahi ziko sawa. Nikapewa dawa na kuambiwa nijikinge na jua.

Siku ya majibu nilimwita Abdi chumbani, nikavua kitambaa mbele yake. Akasogea, akatazama viduara.

"Kumbe ni hii? Wallahi nilidhani umenichoka. Nilikuwa natafuta maneno ya kukuambia urudi kwenu kama unataka."

Wakuu, hapo ndipo nilipoogopa kuliko nilivyoogopa ugonjwa.

Sasa viduara vimeacha kuongezeka. Nywele za pale hazitarudi, nimeambiwa wazi. Ningefika mapema huenda zingebaki.

Nilichojifunza: kichwa nacho kina ngozi, na ngozi inaugua. Dada zangu, ombeni mhudumu wa kike, ombeni mlango ufungwe. Na nyinyi madaktari mlio humu, kabla ya kusema ni nywele tu, tazameni kwanza.

Walio kaskazini zaidi, Tarbaj na Kutulo, huko daktari wa ngozi mnampata wapi? Andikeni hapa chini, nitasoma zote. Ila nikichelewa kujibu msinune, ni saa ya kupakwa dawa. Abdi ndiye hunipaka, na hapendi nikishika simu nikatikisa kichwa.