Karatasi ya bibi yangu ilishinda mashini

Bandugu, leo mashini yangu ya kukata mbao ilinipatisha aibu!

Kesho ni misa ya kukumbuka papa yangu mzazi, na minye nilikuwa natengeneza kadre, ile fremu ya mbao, ya foto yake.

Nilikata kona kwa degre 45. Zikakatala kufungana.
Nikarudilia. Bure!
Mbao inaisha, minye nazunguka kiwanja sawa kuku inatafuta fasi ya kutaga.

Bibi yangu, mama ya mutoto wetu Debora, ye anashona manguo, akaniambia: "Papa Debora, zima kwanza mashini."
Akakata karatasi pande zote sawasawa, akaikunja kona kwa kona ipate degre 45 ya kweli, akaisimamisha pembeni ya lame, ule wembe wa mashini.

Mwangaza ukapita katikati ya karatasi na lame!
Namba 45 ya mashini ilikuwa inadanganya.

Tukainamisha lame ifuate karatasi, nikakata tena. Kadre ikafungana muzuri.

Lakini siwezi kukaa na amani. Na zile kadre nilikata na mashini hii, nikauzisha batu?
Weye iko na moja? Angalia kona, uniambie kweli.