Jini la Kaka Athumani

Ubani ukichomwa katika chumba kisicho na dirisha haunukii, unakaba. Ndivyo ilivyokuwa nyumba yetu ya Msambweni mwaka ule nilioacha shule: ubani asubuhi, ubani alasiri, na kaka yangu Athumani katikati ya moshi, amefunikwa blanketi, anafukizwa jini. Jini lenyewe mtaa mzima ulilijua. Lilikuwa unga, alioanza kuuvuta alipokuwa akitembeza wageni ufuoni Diani. Akiukosa alitetemeka na kutapika. Akiupata alisinzia tonge likiwa mkononi. Lakini baba mkubwa, ambaye kanzu yake ilinyooka kuliko akili zake, alipiga marufuku kutaja hospitali. Watu wangesema nini? Mficha maradhi kifo humuumbua, na kwetu kifo kilikuwa kimeshavua viatu mlangoni.

Alasiri moja Athumani alitoka msalani, akajilaza, akaanza kukoroma. Mkoromo mzito, wenye mapengo. Mimi nilikuwa mtoto wa kuchungulia kila kitu, nikainua blanketi: midomo imekuwa rangi ya zambarau zilizoiva, na kucha vilevile. Nikamwambia baba mkubwa.

"Mwache alale. Jini limetulia," akasema, akaongeza ubani chetezoni. Wazee wenzake wakaitikia alhamdulillahi, wakaendelea na kahawa yao.

Nikakimbia kumwita shangazi Mwanasha, aliyekuwa akikaanga viazi karai barabarani. Aliingia na upawa wake mkononi, akamfinya kaka sikio. Kaka hakushtuka.

"Shikamoo, kaka," akamwambia baba mkubwa, maana kwetu hata hasira huanza kwa salamu. "Jini gani hili linalokoroma?"

"Mwanasha, usitutie aibu. Majirani wanatazama."

"Na watazame! Au mnataka wamtazame kwenye jeneza?"

Tukampakia kwenye tuktuk. Njiani shangazi alimpiga makofi kila pumzi ilipokawia, huku akimtukana kwa mapenzi yote. Hospitalini Athumani alidungwa sindano ya kuuzima ule unga, akafumbua macho na kuuliza nani kamvua shati. Daktari hakumkaripia yeye, alituuliza sisi: mlikuwa mnangoja nini? Siku ya kuja, akasema, ilikuwa ile aliyotaka kuacha akashindwa, si hii ya midomo kubadilika rangi.

Tangu hapo nimezurura Funzi, Jego, Mkongani, nikifanya vibarua, na karibu kila nilikolala nimekuta nyumba inayofuga jini la namna ile. Siku hizi waraibu hupewa dawa ya kuwaachisha unga kliniki, mchana kweupe, na bado wenye tasbihi ndefu hupita hapo wakigeuza uso. Baba mkubwa husimulia vikaoni kwamba fukizo lake ndilo lililomponya kaka. Athumani hambishii. Kila asubuhi hunywa dawa yake kliniki, kisha huenda karakana kuchonga milango. Ameanza kuota mvi. Wenzake wa ufuoni, ambao jamaa zao walijua sana kuficha, hawakuufikia umri huo. Wana makaburi ya heshima, yaliyofyekwa vizuri.