Maneno Nyuma ya Picha

Watu wengi wa Moshi waliijua sauti ya Eliakim kabla hawajamjua mwenyewe. Ukipiga simu katika ofisi ile ya serikali iliyo karibu na mnara wa saa, yeye ndiye aliyeitika, taratibu, kama mtu aliyekuwa akikungoja wewe tu. Ukishapiga mara mbili tatu hakukuuliza tena jina. Alikusalimu, akakuuliza leo unamtaka bwana ardhi au bwana maji, akakuunganisha, kisha akatoka kwenye laini, maana mazungumzo hayakuwa yake. Hayo ndiyo yaliyokuwa maisha yake tangu alipoajiriwa mwaka 1986: kuwakutanisha watu, kisha kuwaacha.

Kwao ni Old Moshi. Surua ilimpata akiwa mdogo, ikaondoka na macho yake. Kanisa likampeleka shule ya wasioona, akasoma maandishi ya nukta nundu, na baadaye akafundishwa kazi ya swichibodi, ile mashine ya kuunganisha simu. Aliwahi kuchumbia binti mmoja wa Marangu. Ndugu wa binti walikuja na adabu nyingi, wakala, wakanywa, wakasema binti bado mdogo. Mwaka uliofuata binti akaolewa Machame. Eliakim hakujaribu tena. Alipanga chumba mjini, mtaa wa Pasua, na kihamba cha baba, shamba la urithi la migomba na kahawa, akamwachia mdogo wake, Efraimu, aliyekuwa na mke na watoto wa kukijaza.

Mtu pekee aliyekaa naye kwa maongezi ni Mektrida, mpiga chapa wa ofisi, mwanamke wa Kirua Vunjo aliyefiwa na mume mapema na kubaki na binti mmoja, Stella. Saa ya chakula cha mchana Mektrida alishuka kutoka ghorofani na hotipoti yake ya machalari, ndizi zilizopikwa na nyama, na gazeti kwapani. Waligawana ndizi, naye akamsomea. Alianza na habari kubwa, akaenda kwenye matangazo ya vifo, halafu matangazo ya ofisi yaliyobandikwa ubaoni, ambayo aliyajua kwa moyo kwa kuwa ndiye aliyeyachapa. Alisoma kwa namna yake. Akifika kwenye picha hakuiruka. Alimweleza nani kavaa nini, nani kanuna, nani kasimama mbele kwa nguvu ilhali hakualikwa. Eliakim alimwita Mama Stella, naye akamwita kaka Eliakim. Hawakuwahi kukutana nje ya ofisi, na hakuna kati yao aliyesema kwamba ingefaa.

Mwanzoni mwa mwaka 2005 swichibodi iliondolewa. Kila ofisa alikuwa na simu yake ya mkononi, na wananchi waliwapigia moja kwa moja au hawakupiga kabisa. Mafundi waliing'oa ile mashine huku Eliakim amekaa pembeni na mikono magotini. Walipomaliza, mmoja akamwuliza kama anahitaji kiti chake kihamishwe. Akajibu kwamba hapana, atakaa hapo hapo.

Akakaa hapo hapo miezi mingi, kwenye chumba kisicholia kitu. Alifika asubuhi, akavua koti, akalitundika, na jioni akalivaa.

Ndipo ofisi ikaamua kuwa na tovuti. Agizo lilitoka juu kwamba tovuti hiyo iweze kutumiwa hata na watu wenye ulemavu, na mkuu wa ofisi, aliyekuwa hajui aanzie wapi, akakumbuka kwamba chini ya ngazi yupo mtu asiyeona. Akamleta Filbert, fundi wa kompyuta kutoka Arusha, mtu wa makamo asiye na makeke. Filbert akafunga kompyuta pale ilipokuwa swichibodi, akaweka programu inayosoma kwa sauti yale yaliyo kwenye skrini, akamfundisha Eliakim kutembea kwenye ukurasa kwa vitufe bila kugusa kipanya.

Sauti ya programu ilikuwa ya mwanamume Mzungu. Kiswahili ilikisoma kwa ulimi wa Kiingereza, ikayavunja maneno mahali pasipovunjika, hata "ardhi" ikasikika kama mtu aliyeungua mdomo. Kwa siku za mwanzo Eliakim alitoka jasho. Filbert alipomwuliza tovuti inasomekaje, alijibu kwamba inasomeka vizuri sana. Aliona aibu kusema vingine. Watu wamegharamika kwa ajili yake, atawezaje kusema hasikii kitu?

Filbert hakuridhika. Siku moja alivuta kiti, akaketi karibu naye, akasikiliza pamoja naye. Mashine ikasema: kiungo, kiungo, picha, kiungo, picha. Kisha ikanyamaza.

"Mzee, hapa umeelewa nini?" Filbert akauliza.

Eliakim akaondoa vidole kwenye vitufe. "Sijaelewa kitu," akasema. "Tangu wiki ile nyingine sijaelewa kitu."

Filbert alishukuru, tena kwa dhati, na kazi yenyewe ikaanza siku hiyo. Walikuta tatizo kubwa lipo kwenye matangazo. Kila tangazo la viwanja, la kazi au la mgao wa maji lilipigwa mhuri, likatiwa sahihi, kisha likapigwa picha na kuwekwa kwenye tovuti kama picha tupu. Mwenye macho aliona maneno. Mashine iliona karatasi. Mkuu wa ofisi hakukubali mhuri uondolewe, kwa hiyo Filbert akashauri kila tangazo liandikwe upya chini ya picha yake. Na zile picha za sherehe na ziara, kila moja iwekewe maneno nyuma yake, maneno ambayo mtu anayeona hayaoni, ila mashine inayasoma.

Aliyepewa kuandika yote hayo ni Mektrida.

Basi kwa msimu mzima wa mvua za vuli walifanya kazi watatu katika chumba kile. Filbert alimwambia Mektrida aandike maneno machache tu, kwa mfano "Viongozi wakizindua mradi." Mektrida akaitika, halafu akaandika anavyojua. Eliakim akayasikiliza, akasema wapi mashine inajikwaa, wapi kitufe hakina jina, wapi fomu inakwenda mbele bila kumsubiri. Filbert akamwonyesha pia namna ya kufungua magazeti yaliyowekwa mtandaoni. Jioni alikwenda nyumbani amechoka uchovu mzuri. Siku nyingine alijikuta akicheka peke yake njiani, akapunguza sauti aliposikia watu wanapita.

Tovuti ikazinduliwa kwa soda na sambusa. Mkuu wa ofisi alisimama akasema kuanzia leo mzee wetu Eliakim anasoma matangazo na magazeti mwenyewe, hamtegemei mtu. Watu wakapiga makofi. Eliakim akasimama, akashukuru. Na lilikuwa jambo la kushukuru kweli, kwa maana maishani hakuwahi kusoma kitu cha serikali bila mtu mwingine kuwamo chumbani.

Siku ya pili yake, saa ya chakula, Mektrida hakushuka.

Eliakim alidhani ana kazi nyingi. Kesho yake vilevile hakushuka. Alimsikia ngazini, akijua viatu vyake, akimsalimu tu mlangoni: "Kaka Eliakim, naona unasoma, sikusumbui." Kisha akaenda. Eliakim akabonyeza vitufe. Yule Mzungu akamsomea habari za bei ya kahawa na matangazo ya vifo, majina ya watu wa Kibosho na Uru yakipondwapondwa, moja baada ya jingine, bila kupumzika hata kwa aliyekuwa mtoto. Akala mkate na chai kutoka kantini, akazima sauti.

Angeweza kupanda ngazi akamwita. Aliifikiria safari hiyo mara nyingi. Lakini amwambie nini? Gazeti analisoma mwenyewe, ofisi nzima imepiga makofi.

Mwishowe akadanganya. Alipomsikia anapita, akasema, "Mama Stella, mashine imeharibika. Kama una nafasi, nisomee kidogo."

Mektrida akaja palepale, na hotipoti, na gazeti. Akasoma. Alikuwa kwenye habari ya maji ya mfongo, mfereji wa asili wa mlimani, kukauka huko juu, Filbert alipoingia kuchukua waya aliousahau. Akatazama skrini, akasema kwa wema wake, "Mzee, haijaharibika, umefunga sauti tu." Akainama, akafungua. Mashine ikaanza kusoma kwa nguvu, ikimfunika Mektrida, hadi Eliakim alipopapasa kitufe na kuinyamazisha. Filbert alichukua waya wake, akatoka.

Mektrida aliendelea kusoma ile habari mpaka mwisho. Kisha akalikunja gazeti.

"Ungeniambia tu, kaka Eliakim."

Eliakim akasogeza hotipoti katikati ya meza.

"Nilidhani nimekuwa mzigo," Mektrida akasema. "Na mimi huko juu nakula peke yangu."

Tangu siku hiyo akashuka tena. Ila haikuwa kama zamani. Gazeti lilikuwa limewapa la kusema bila wao kujisema, na sasa lilipokaa mezani halina kazi, kila mmoja akawa anaogopa ukimya wa mwenzake. Waliongea habari za Stella, aliyeolewa Mwanza. Waliongea habari za mvua. Kuna siku Mektrida alianza, "Hivi wewe, hujawahi kufikiri..." halafu akamalizia kwa kumwuliza kama anataka chumvi. Eliakim alisema ndiyo, ingawa ndizi zilikuwa zimekolea.

Mwaka 2007 Mektrida alistaafu. Stella alikuwa amejifungua, akamwita mama yake Mwanza amsaidie kulea. Kwenye sherehe ya kumuaga, Eliakim aliombwa aseme machache. Alisimama, akasema Mama Stella ni msomaji mzuri. Watu walingoja zaidi, hakikuja kitu, akaketi.

Baada ya hapo ndipo alipoanza kuzitembelea zile picha. Mchana, ofisi ikiwa kimya, alifungua ukurasa wa ziara na sherehe, akashuka kwa vitufe moja moja, na yule Mzungu akamsomea maneno ya Mektrida. "Kiongozi anakata utepe. Mkasi umemgomea, anajifanya anatabasamu." "Akina mama wa Kirua wamebeba ndoo. Wa pili kutoka kushoto ana njaa, namjua." "Kisima kipya. Nyuma mlima umefunguka wote, theluji imebaki kidogo, kama chumvi kwenye yai." Eliakim alijua kwamba hakuna mtu mwingine anayeyasikia. Ofisi nzima ilizitazama picha hizo bila kujua zina maneno nyuma. Wakati mwingine alijiuliza kama Mektrida aliandika kwa ajili ya wasioona wote, kama agizo lilivyosema, au vipi. Wa kumwuliza alikuwa Mwanza.

Naye alistaafu, akarudi Old Moshi, kwenye nyumba ndogo aliyojengewa na Efraimu pembeni ya migomba. Shemeji yake alimletea mtori asubuhi, watoto wakamwamkia, kila mtu akaenda kwenye shughuli zake. Siku moja aliposhuka mjini kufuatilia pensheni, aliomba aingie kwenye kile chumba asikilize tovuti kidogo. Ilikuwa imetengenezwa upya na watu wengine. Mashine ikasema: picha, picha, picha. Mwanamke aliyekuwa zamu alimpa kiti, akasema atawaambia wahusika walishughulikie.

Jioni hiyo Eliakim akampigia simu Mektrida. Alipokea, nyuma yake mjukuu akilia, akasema, "Kaka Eliakim, ngoja, nitakupigia." Eliakim akabaki na simu mkononi mpaka ikapoa.

Mektrida alipiga Jumapili, baada ya misa. Aliuliza kama mvua zimenyesha huko, kama kahawa ya Efraimu imechanua, na magoti yake Eliakim yanaendeleaje. Eliakim alijibu yote. Habari ya picha hakuitaja. Alimwuliza ziwa lina sauti gani, na Mektrida akaanza kumweleza.